Je, Wajua? "Saa Hii" Huwa ni Saa Ngapi?

Matatu ya 237 imewasha injini stejini Thika. Makanga anapiga bodi kwa kiganja: "Beba, beba, tunatoka saa hii!" Ndani mna abiria watatu wa kweli na vijana wanne wa steji, waliokalishwa vitini ili gari lionekane limejaa. Nusu saa baadaye gari lingali linatoka saa hii. Safu ya leo inahusu vielezi vya wakati, hasa vile vya haraka: vilikotoka, vinavyotumiwa, na sababu ya makali yao kuisha upesi. Tunaanza na kimoja cha Kiingereza cha kale ambacho yalikipata haya yote kabla ya "saa hii" yetu.

1. Je, wajua kwamba Waingereza walikuwa na neno "anon" lililomaanisha papo hapo? Ni neno la Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066. Asili yake ni maneno mawili, "on an", yaani "katika moja". Aliyefanya jambo "on an" alilifanya kwa mkupuo mmoja, bila kituo. Miaka ilipopita, maneno hayo mawili yaligandana yakawa moja.

2. Je, wajua kwamba Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo bila kuonyeshwa na mtu? "Mara" imetoka katika Kiarabu, marra, na kazi yake ya kwanza ni kuhesabu matukio: mara mbili, mara tatu. Ila "mara moja" ina kazi mbili. Katika "nimewahi kufika Ruiru mara moja tu" unahesabu, katika "njoo hapa mara moja!" unaamuru. Jambo likifanyika kwa mara moja, hakuna mara ya pili ya kungojewa, na hapo hesabu inageuka kuwa haraka. Kenya kuna hata vidonge vya maumivu viitwavyo Mara Moja. Aliyevipa jina alijua vyema mtu anayeumwa na kichwa anataka kusikia nini.

3. Je, wajua kwamba kufikia miaka ya 1590 "anon" ilikuwa imelegea kabisa? Ushahidi umo katika tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme Henry wa Nne, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1598. Mwanamfalme Hal yuko baani London na rafiki yake Poins, nao wanaamua kumchezea shere kijana mhudumu aitwaye Francis. Hal anamshika kwa maswali yasiyo kichwa wala miguu, huku Poins akimwita kutoka chumba kingine. Kila anapoitwa, Francis anajibu "Anon!" na miguu yake haibanduki. Mwishowe wanamwita wote wawili kwa pamoja, kijana wa watu akabaki ameduwaa, hajui aelekee wapi. Aliyewahi kuagiza chai na chapati katika hoteli ya Makongeni saa saba mchana, akaitikiwa "Inakuja!" na mhudumu aliyempa mgongo, hahitaji kuelezwa kichekesho kiko wapi.

4. Je, wajua kwamba Kenya ina "anon" yake, na ni kitenzi? Ni "nakuja". Mwenye duka hutamka "nakuja" huku akiondoka, akavuka barabara na kupotelea sokoni. Mgeni hushangaa: mbona anayekuja anazidi kwenda? Mwenyeji huvuta stuli akaketi, kwa sababu anajua kwamba ameambiwa "nitarudi", na kwamba muda wa kurudi haukutajwa.

5. Je, wajua kwamba "anon" ilipochoka, Waingereza waliitia kiraka? Katika siku za Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, palikuwa na "anonright", yaani "anon" iliyoongezewa neno la kuinyoosha ili msikilizaji asiwe na shaka. Sisi pia tuna viraka vyetu. "Sasa" haikutosha, tukapata "sasa hivi". Nayo "sasa hivi" ilipopoa, tukaongeza "sasa hivi tu". Kenya "saa hii" imefupishwa ikawa "sahii" au "sai", na anayetaka kuaminika hana budi kuirudufisha: "saa hii hii". Ukiona kielezi kimerudufishwa, jua cha kwanza hakikusadikiwa.

6. Je, wajua kwamba hata "soon" ya Kiingereza, ambayo leo tunaifasiri kuwa "hivi karibuni", ilianza kwa maana ya "papo hapo"? Katika Kiingereza cha kale iliandikwa "sona". Nayo "presently" ilipatwa na yayo hayo karne kadhaa baadaye.

7. Je, wajua kwamba kuchakaa huku kunaweza kumpotosha msomaji wa Biblia? Tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, ilitumia "by and by" kwa maana ya mara hiyo. Kwa hiyo binti wa Herodia anapoomba kichwa cha Yohana Mbatizaji katika Marko 6:25, msomaji wa leo wa tafsiri hiyo anaweza kudhani kwamba msichana alikuwa radhi kungoja kidogo. La hasha. Alikitaka pale pale, karamu ikiendelea. "Anon" nayo imo, katika Mathayo 13:20 na Marko 1:30.

8. Je, wajua kwamba Injili ya Marko ndiyo yenye haraka kuliko zote? Neno la Kigiriki la "mara hiyo" limetokea humo takribani mara 40, ingawa ndiyo Injili fupi kupita nyingine. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, ilipofika kwenye "anon" ya Marko 1:30 iliweka "mara" peke yake, na neno hilo bado linaeleweka vile vile makanisani Thika na Ruiru kila Jumapili. Labda limesalimika kwa sababu hutumika zaidi kusimulia yaliyokwisha kutendeka kuliko kuahidi yajayo. Tutalirudia jambo hili katika namba 20.

9. Je, wajua kwamba yule mshairi "Anon." anayeonekana chini ya mashairi katika vitabu vya shule hahusiani kamwe na "anon" ya Francis? Huyo ni kifupi cha neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya "asiye na jina". Mwanafunzi anayesifu wingi wa kazi zake anawasifu watu mia kwa mkupuo mmoja.

10. Je, wajua kwamba Mwafrika Kusini akikuambia kwa Kiingereza "just now" huenda anamaanisha baadaye, tena si lazima iwe leo? Na kwamba Mmexico ana "ahorita", kijineno kilichotokana na neno la Kihispania la "sasa", ambacho kinaweza kuchukua dakika moja au alasiri nzima? Hakuna taifa lililoweza kuilinda "sasa" yake.

11. Je, wajua kwamba Gĩkũyũ, lugha ya wenyeji wengi wa Thika na Ruiru, ina ngazi hizo hizo? "Rĩu" ni sasa. Tanguliza sauti moja tu, "o rĩu", na umepata sasa hivi. "Narua" ni upesi, na "kahora" ni polepole. Ndani ya matatu moja kati ya Ruiru na Juja unaweza kumsikia makanga akimhimiza dereva kwa Gĩkũyũ, akimtuliza abiria kwa Kiswahili, kisha akimjibu mwenye gari kwa simu kwa Kiingereza. Lugha tatu, na gari ni lile lile moja lisilotembea.

12. Je, wajua kwamba "labda" ilikuwa neno la uhakika? Katika Kiarabu "la budda" ni kusema hapana njia ya kukwepa. Jambo ni lazima. Lilipohamia katika Kiswahili likageuka kuwa shaka tupu. Ni rahisi kukisia safari yake. Msemaji anasema "lazima atafika tu" pale ambapo hana hakika. Msikilizaji anaizoea sauti hiyo, na baada ya vizazi kadhaa ulazima unakufa, inabaki ile sauti ya kubahatisha. Fundi akikuambia "labda kesho", asili ya maneno yake ni kiapo. Bahati mbaya ameyatamka kwa maana ya leo.

13. Je, wajua kwamba "pengine", jirani wa "labda", kwanza ilikuwa mahali? Ni "mahali pengine", yaani kwingine. Kutoka mahali ikawa wakati ("pengine huja, pengine haji"), na kutoka wakati ikawa shaka.

14. Je, wajua kwamba "ghafla" haikuhusu kasi? Kiarabu "ghafla" ni hali ya kutokuwa makini, na jamaa yake tunaye katika "kughafilika". Dereva anayeeleza kwamba lori lilitokea ghafla pale mzunguko wa Ruiru anadhani analisema lori. Kwa asili ya neno, anajisema mwenyewe.

15. Je, wajua kwamba maneno yetu ya haraka hayakutoka nyumba moja? "Haraka" ni Kiarabu, na huko ni mwendo au kujongea tu, uwe wa mbio au wa kobe. "Hima" pia ni Kiarabu, kutoka neno la bidii na ari. "Upesi" ni Kibantu, ndugu wa "-epesi": kisicho na uzito huenda kwa kasi. "Mbio" ni ndugu wa "kimbia". Nayo "chapuchapu", inayotamkwa "chap chap" stejini, imesimama karibu na kitenzi "chapua", kama katika kuchapua miguu. Utajiri wote huo, na bado mteja anaulizia suti yake kwa fundi.

16. Je, wajua kwamba kuna vielezi vilivyofunga ndoa na neno moja, visivyotazama kando? Walimu huviita viigizi. Mvua ya Aprili ikikukuta kati ya steji na soko unalowa chepechepe. Matatu za jioni hujaa pomoni. Stima zikipotea mtaa unakuwa giza totoro, na mtoto aliye mgongoni mwa mamake yu kalala fofofo. Jaribu kubadilisha: "amelowa fofofo". Hata anayejifunza Kiswahili atacheka. Viigizi hivi havichakai kama "sasa hivi", kwa kuwa vinasema kinachoonekana. Shati lililolowa chepechepe halihitaji kuaminiwa, linakamuliwa.

17. Je, wajua kwamba Kiswahili kina jina la siku ya nne kutoka leo? Baada ya kesho kuna kesho kutwa, halafu mtondo, halafu mtondogoo. Vijana wengi wa mjini huishia kesho kutwa, wakisonga mbele kwa majina ya siku za wiki. Mtondogoo lingemfaa sana fundi, ila hakuna fundi anayelitaja, maana lina hesabu ndani yake.

18. Je, wajua kwamba mjadala mkubwa wa falsafa ya Kiafrika ulibeba vielezi viwili vya Kiswahili? Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alitoa kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alichunguza nyakati za vitenzi katika Kikamba na Gĩkũyũ, akaugawa wakati katika sehemu mbili alizoziita "Sasa" na "Zamani". Hoja yake ilikuwa kwamba katika fikra za jadi, wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa, kwa kuwa lisilotukia bado halijawa wakati. Wengi walimpinga, akiwamo mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliyeleta ushahidi wa lugha ya Kiakan. Hata hivyo, abiria aliyekalia kiti cha matatu dakika 40 anaweza kuwa na huruma na Mbiti.

19. Je, wajua kwamba barabara ya Nairobi hadi Thika imebadilika mara nyingi kuliko maneno yanayosemwa juu yake? Hoteli ya Blue Posts, iliyo kati ya mito ya Chania na Thika, ilianzishwa mwaka 1908. Elspeth Huxley, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kilichoueneza ulimwenguni umaarufu wa Thika, anaanza na familia yake ikisafiri kutoka Nairobi kwa mkokoteni wa maksai. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu mpya, ya kilomita zipatazo 50. Kila hatua ilikata muda wa njiani. Muda wa kungoja gari lijae haukukatwa na yeyote, na ndani ya muda huo ndimo "saa hii" inamoishi.

Simu imeongeza yake. Abiria aliye Ruiru akielekea Nairobi anaulizwa amefika wapi, naye anajibu kwa sauti ya kujiamini: "Niko Pangani hapa, nafika sasa hivi." Wenzake wanatazama nje ya dirisha kwa adabu. Kesho watakuwa wao.

20. Je, wajua kwamba "sasa hivi" ina nyuso mbili, na mmoja wao hausemi uongo? "Ameondoka sasa hivi" inatazama nyuma. "Anaondoka sasa hivi" inatazama mbele. Kielezi ni kile kile; kinachobadilika ni kitenzi. Ile ya nyuma bado ina nguvu zake zote: ukiambiwa gari limeondoka sasa hivi, unaweza kulikimbilia na kuliona likikata kona. Ile ya mbele ndiyo iliyochakaa. "Hivi punde" ya watangazaji wa habari imesalia na uzito kwa sababu hiyo hiyo, kwani huhusu habari iliyokwisha kufika. Hapa ndipo siri ya "anon", "soon" na "labda" inapofichuka. Kielezi cha haraka huharibiwa na ahadi. Anayeahidi husema muda anaoutamani, msikilizaji hupima muda alioupata, na tofauti ya hiyo miwili ndiyo inayogeuka kuwa maana mpya ya neno.

21. Je, wajua kwamba Ruiru ina "mapema" moja ambayo haijawahi kulegea? Iko shambani. Mwaka 1968 ugonjwa wa matunda ya kahawa ulishambulia vibaya zao hilo nchini Kenya, na watafiti wa kahawa walioko Ruiru wakaanza kuzalisha aina mpya itakayouhimili. Aina hiyo, Ruiru 11, ilitolewa mwaka 1985. Ni fupi, hustahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani, na hutangulia kuzaa: huanza mwaka wa pili, ilhali SL28, aina ya zamani inayosifika kwa ladha, huanza mwaka wa tatu. Mkulima akisema Ruiru 11 huzaa mapema, anaweza kuonyesha mwaka wenyewe kwenye kalenda.

22. Je, wajua kwamba walioandika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nao hawakukiamini kielezi? Ibara ya 49 inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo. Wangeweza kuishia hapo. Lakini "haraka iwezekanavyo" ya kituo cha polisi inaweza kurefuka kama ya stejini, kwa hiyo sentensi ikaendelea: isizidi saa 24 tangu kukamatwa, na zikimalizikia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi, basi mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imefanya vivyo hivyo: ombi lijibiwe mapema iwezekanavyo, lakini lisivuke siku 21, na likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Katika sheria zote mbili kielezi kimeachwa kiseme nia, na namba ikapewa kazi ya kubana.

23. Je, wajua kwamba wateja wa mafundi wa cherehani Ruiru wamefikia hukumu ile ile bila kusoma ibara yoyote? Januari, sare za shule zinapogombaniwa, mama mzoefu haulizi kama nguo itakuwa tayari upesi. Anauliza: "Alhamisi saa ngapi?" Fundi akisema saa nane, anaiandika nyuma ya risiti mbele yake, analipa nusu, nusu nyingine anairudisha mkobani. Fundi akijaribu "mara moja tu mama, utapata", anamjibu kwa upole: "Hiyo mara moja ni ya saa ngapi, kijana wangu?"